Je, Zamani Ilikuwa Njema Kuliko Leo? Lucy, Nyota wa Hollywood na Moyo Unaotamani Nyumbani



Vijana wapendwa, kuna jambo nimeliona kwa wengi wetu siku hizi. Kijana amezaliwa mwaka 2001 au 2003, simu yake ni ya kisasa kabisa, lakini usiku akishamaliza sala anafungua YouTube anatazama vichekesho vya Marekani vya miaka ya 1950. Picha ni nyeusi na nyeupe, wanaume wamevaa suti na kofia, wanawake magauni yaliyopigwa pasi vizuri. Anamjua Lucille Ball, anamjua Bob Hope, anamjua Grace Kelly kuliko anavyowajua waigizaji wa leo. Halafu anashusha pumzi na kusema, “Jamani, zamani watu walikuwa na adabu. Laiti ningezaliwa enzi zile!”

Kutazama vile si kosa. Lakini hiyo sentensi ya mwisho nataka tuiangalie kwa makini, kwa sababu sio ya filamu tu. Ni hukumu juu ya wakati ambao Mungu ametuweka. Kwa hiyo swali la leo ni hili: je, kuitamani zamani ni fadhila au ni kishawishi? Kiswahili chenyewe kinatuvuta pande mbili. Upande mmoja tunasema ya kale ni dhahabu. Upande mwingine tunasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mkristo ashike lipi?

Tuanze kwa kutenda haki

Kwanza tukubali kwamba kuna uzuri wa kweli kule. Chukua kipindi cha I Love Lucy, kilichoanza kurushwa na CBS mwezi Oktoba 1951. Kuna ile sehemu maarufu ya mwaka 1952 ambapo Lucy na rafiki yake Ethel wanapata kazi kiwandani, kufunga chokoleti kwenye karatasi. Mkanda unaanza kwenda polepole, wanaweza. Unaongeza mwendo, wanazidiwa. Basi wanaanza kuficha chokoleti mdomoni, kwenye kofia, ndani ya nguo, ili msimamizi asijue. Hakuna tusi, hakuna anayedhalilishwa kwa sababu ya maumbile yake. Miaka zaidi ya 70 imepita na bado mtu wa Songea au Kitui atacheka mpaka machozi, hata kama Kiingereza chake ni cha kubahatisha.

Mtakatifu Thomas wa Akwino asingetukemea kwa kucheka hivyo. Katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 168, anauliza kabisa kama kuna fadhila inayohusu michezo na mizaha. Anajibu kwamba ipo. Akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na pumziko lake ni furaha ya kiasi. Anasimulia kisa cha Mtakatifu Yohane Mwinjili: watu walikwazika kumkuta akicheza na wanafunzi wake, naye akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde arushe mishale mfululizo. Yule mtu akasema kwamba upinde ukivutwa bila kupumzishwa utavunjika. Yohane akamwambia ndivyo ilivyo roho ya mwanadamu. Na Thomas anaenda mbali zaidi: mtu asiyejua kucheka kabisa, anayewaharibia wengine furaha yao, naye ana kasoro ya kimaadili. Umesikia, wewe uliyenuna!

Kwa hiyo kupenda kichekesho kizuri ni jambo jema. Shida inaanza pale tunapotoka kwenye “kichekesho hiki ni kizuri” tukaruka mpaka “enzi ile ilikuwa njema.” Hizo ni hoja mbili tofauti, na ya kwanza haithibitishi ya pili.

Nyuma ya kamera

Kwenye televisheni, Lucy na mumewe Ricky waligombana kwa dakika 25 na kupatana kabla kipindi hakijaisha. Ricky aliigizwa na Desi Arnaz, mzaliwa wa Cuba, ambaye alikuwa mume halisi wa Lucille Ball. Mwaka 1952 Lucille alipokuwa mjamzito, waliamua mimba iingie kwenye hadithi. Wakubwa wa kituo hawakutaka neno lenyewe la “mjamzito” litamkwe, na miswada ilipelekwa kwa padre Mkatoliki, mchungaji wa Kiprotestanti na rabi wa Kiyahudi ili waisome kwanza. Tarehe 19 Januari 1953 Lucy wa kwenye kipindi alijifungua, na siku hiyohiyo Lucille mwenyewe alijifungua mtoto wa kiume. Takriban watu milioni 44 walitazama.

Ukisikia hivyo unasema, angalia adabu ile! Na ni kweli kulikuwa na adabu. Lakini ndoa hiyohiyo iliyofurahisha taifa zima ilikuwa inalia ndani. Pombe na kukosa uaminifu viliitikisa, na mwaka 1960 wakatalikiana. Familia zilizokaa sebuleni zikitamani nyumba kama ya akina Lucy hazikujua kwamba hata Lucy mwenyewe hakuwa nayo.

Sisemi haya ili kuwaaibisha marehemu. Nasema kwa sababu kijana anayejiandaa kwa ndoa leo anaweza kudhani kwamba zamani upendo ulikuwa rahisi, na kwamba yeye amechelewa kuzaliwa. Hapana. Dhambi ya asili haikusubiri intaneti. Nyumba ya Nazareti ndiyo familia takatifu, na hata pale palikuwa na safari ya kukimbilia Misri usiku na mtoto aliyepotea siku tatu. Sebule ya studio haikuwa na hayo, kwa sababu haikuwa nyumba.

Tungekaa meza gani?

Sasa tuingie kwenye jambo zito zaidi. Wengi wetu tunaisifu Hollywood ya zamani kwa sababu ilikuwa na maadili yaliyoandikwa. Ni kweli. Mwaka 1930 studio kubwa zilikubali Kanuni ya Uzalishaji wa filamu, na padre Mjesuiti, Daniel Lord, alishiriki kuiandika. Kuanzia 1934 ikaanza kusimamiwa kwa nguvu chini ya Mkatoliki mmoja, Joseph Breen. Mwaka 1936 Papa Pius XI aliandika waraka Vigilanti Cura kuhusu filamu, akiwasifu Wakatoliki wa Marekani kwa juhudi zao za kutetea maadili kwenye sinema. Uzinzi usionyeshwe kana kwamba ni kitu chema. Viongozi wa dini wasifanywe wa kuchekwa. Mambo mazuri kabisa.

Lakini Kanuni hiyohiyo ilikataza pia kuonyesha mapenzi kati ya mtu mweupe na mtu mweusi. Yaani kwenye karatasi ileile iliyolinda heshima ya ndoa, kulikuwa na kifungu kilichomfanya mtu mweusi na mtu mweupe wakipendana waonekane kama uchafu wa kufichwa.

Mwezi Februari 1940, Hattie McDaniel alishinda tuzo ya Oscar kwa kuigiza kama mtumishi wa nyumbani katika Gone with the Wind. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuipata. Usiku ule wa sherehe, katika hoteli ya Ambassador huko Los Angeles, hakuketi na waigizaji wenzake. Aliwekewa meza yake pembeni. Miezi miwili kabla, filamu ilipozinduliwa Atlanta, hakuhudhuria kabisa, kwa sababu ya sheria za ubaguzi za mji ule.

Ndugu yangu kijana, unaposema “laiti ningezaliwa enzi zile,” hebu jiulize: mimi na wewe, na rangi zetu hizi, usiku ule tungekaa meza gani? Huenda tungekuwa jikoni tunaosha vyombo.

Hata Desi Arnaz alionja kidogo. Wakubwa wa CBS walikuwa na wasiwasi kwamba watazamaji wasingemkubali mume wa Kikuba mwenye lafudhi yake kuwa mume wa mwanamke mweupe Mmarekani. Ilibidi wao wawili wazunguke kwenye majukwaa na onyesho lao ili kuthibitisha kwamba watu wangewapenda.

Kwa hiyo neno “njema” halitoshi. Lazima tuulize, njema kwa nani? Mkatoliki hawezi kuuita wakati fulani mtakatifu kwa kuwa skrini yake ilikuwa safi, wakati nyuma ya skrini mwana wa Mungu anawekwa pembeni. Usafi wa maneno bila haki ndio ule ambao Bwana wetu aliwaambia Mafarisayo, kikombe kilichooshwa kwa nje.

Kumbukumbu inayochuja

Kwa nini basi zamani inatung'arishia hivyo? Falsafa inatusaidia hapa. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 11 cha Maungamo, anajiuliza wakati ni nini. Anagundua kwamba kilichopita hakipo tena. Kipo tu katika kumbukumbu, na kumbukumbu iko sasa, ndani ya roho. Maana yake ni kwamba mtu anayeitamani 1953 haitamani 1953 yenyewe. Anatamani picha iliyoko kichwani mwake leo. Na kwa sisi ambao hatukuwepo, hiyo hata kumbukumbu si kumbukumbu. Ni ndoto iliyovaa nguo za kumbukumbu.

Tena wakati ni kama chekecheo. Miaka ya 1950 ilikuwa na vipindi vingi vibovu, vya kuchosha, vya kijinga. Vimesahaulika. Vilivyotufikia ni vile vichache vilivyo bora. Halafu sisi tunachukua bora ya jana tunailinganisha na takataka zote za leo, kila video ya sekunde 15 inayopita kwenye simu. Hapo hata mahakama ya kijijini ingesema mizani haiko sawa.

Maandiko yameliona hili zamani. Katika Hesabu sura ya 11, Waisraeli wakiwa jangwani walianza kulia wakikumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu. Walikumbuka vitunguu, wakasahau mijeledi. Walikumbuka chakula, wakasahau watoto wao wachanga waliotupwa mtoni. Na Mhubiri, katika sura ya 7 aya ya 10, anatuonya tusiulize kwa nini siku za kwanza zilikuwa bora kuliko hizi, kwa sababu swali hilo halitoki kwenye hekima.

Ona kwamba Mhubiri hasemi siku za leo ni bora. Anasema swali lenyewe limekosewa. Kwa nini? Kwa sababu linanipa kisingizio. Nikishasema wakati wangu ni mbovu, basi mimi sina kazi tena isipokuwa kulalamika. Usafi wa moyo utakuwa mgumu “kwa sababu ya kizazi hiki.” Kusali kutakuwa kugumu “kwa sababu ya simu.” Hapo ndipo hamu ya zamani inapogeuka kuwa uvivu wa kiroho, ule ambao wazee wa jangwani waliuogopa: mmonaki anakaa kwenye chumba chake, anaona kila mahali ni pazuri isipokuwa hapo alipo.

“Kwa hiyo Frateri, yote ni sawa tu?”

Hapana, na hapa naomba tusielewane vibaya. Kuna mwingine atasema, basi tusihukumu chochote, matusi ya leo ni sawa na mizaha safi ya jana. La hasha. Kitu chema ni chema, kibaya ni kibaya. Ninachosema ni kwamba tusihukumu kwa kalenda. Tuhukumu kwa wema wenyewe. Kama mzaha usiomdhalilisha mtu ulikuwa mwema mwaka 1952, ni mwema leo pia, na wewe unaweza kuufanya leo kwenye kikundi chenu cha WhatsApp. Kama ilikuwa vyema familia nzima kukaa mbele ya televisheni moja na kucheka pamoja, badala ya kila mmoja na simu yake na chumba chake, basi kaa na wadogo zako jioni hii. Ukiona kitu kizuri kule nyuma, usikililie, kifanye.

Na wale Wakatoliki wa enzi ile tunaowapenda walifanya hivyo hasa. Askofu Fulton Sheen alianza kipindi chake cha televisheni mwaka 1952, na ubao wake wa chaki, usiku uleule ambao mchekeshaji mkubwa Milton Berle alikuwa hewani kwenye kituo kingine. Televisheni wakati huo ilikuwa kitu kipya, na wapo walioiogopa kama wengine wanavyoiogopa TikTok leo. Sheen hakukaa akililia karne ya 13. Alikichukua chombo kipya akakitia Injili, na malipo yake akayaelekeza kwenye misioni.

Danny Thomas, mchekeshaji mwenye asili ya Lebanoni, alimwekea Mtakatifu Yuda Tadei nadhiri wakati akiwa msanii asiye na kitu. Alipofanikiwa hakuisahau. Mwaka 1962 ilifunguliwa hospitali ya watoto huko Memphis kwa jina la mtakatifu huyo, na mpaka leo inatibu watoto wenye saratani bila familia zao kudaiwa bili. Watu wengi hawakumbuki tena mzaha hata mmoja wa Danny Thomas. Lakini kuna mtoto asubuhi hii anapewa dawa kwa sababu yake.

Na Dolores Hart? Binti huyu aliigiza na Elvis Presley, akaigiza kama Mtakatifu Klara katika filamu ya 1961 kuhusu Fransisko wa Asizi, mtakatifu ambaye Papa Pius XII alikuwa amemtangaza kuwa msimamizi wa televisheni. Mwaka 1963, akiwa na miaka 24 na amekwisha kuchumbiwa, aliiacha Hollywood akaingia monasteri ya Wabenediktini huko Connecticut. Sisi tunaiangalia Hollywood ile kwa mate ya kutamani. Yeye alikuwa ndani yake, juu kabisa, na bado moyo wake ukamwambia nyumbani si hapa.

Wanahitaji nini kutoka kwetu?

Kuna kitu cha ajabu katika kutazama filamu za zamani ambacho hatukisemi. Karibu wote tunaowaona wamekufa. Desi Arnaz alifariki 1986, Lucille Ball 1989, Grace Kelly 1982, Bob Hope 2003, akiwa na miaka 100. Skrini inawaonyesha wakiwa vijana, wanacheka, hawazeeki. Ni kama uzima wa milele, lakini wa bandia, kwa sababu wao hawapo ndani yake. Ni kivuli chao tu.

Imani yetu inasema wapo kweli mahali pengine. Wamesimama mbele ya Mungu kama tutakavyosimama sisi. Hatujui hali ya roho zao na si kazi yetu kuihukumu. Lakini Mama Kanisa anatufundisha kuwaombea marehemu, na hajasema tuwaombee ndugu zetu tu. Mtu amekuchekesha usiku uliokuwa na huzuni, umempenda kwa miaka mitatu, umeangalia kila kipindi chake. Je, umewahi kumwombea hata Salamu Maria moja? Huenda ana mashabiki mamilioni na waombezi wachache sana. Nyota hahitaji tena makofi yetu. Raha ya milele ndiyo anayoihitaji, na hiyo unaweza kumwombea leo.

Vivyo hivyo na wachekeshaji wa kwetu waliotutangulia, akina Mzee Ojwang wa Kenya na King Majuto wa Tanzania. Tukiwakumbuka kwa kicheko, tuwakumbuke na kwa sala.

Hamu ya nyumbani

Neno nostaljia lilibuniwa mwaka 1688 na mwanafunzi wa udaktari wa Uswisi, Johannes Hofer. Aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kurudi nyumbani na maumivu. Alikuwa akieleza ugonjwa wa watu walioishi mbali na kwao, waliodhoofika kwa kutamani nyumbani. Nadhani alisema kweli kuliko alivyojua. Ile hamu unayoisikia saa tano usiku ukitazama sebule ya Lucy, hamu ya mahali ambapo watu wanapatana kabla siku haijaisha, ni hamu ya nyumbani. Kosa ni kudhani nyumbani ni Marekani ya 1953. Waliokuwa kule nao walikuwa na hamu hiyohiyo.

Ndiyo maana Kanisa linakumbuka tofauti na dunia. Katika Misa tunafanya ukumbusho, lakini ukumbusho huo hauturudishi nyuma. Kalvari haiko mbali nasi kama filamu ya zamani. Bwana anakuwapo hapa, altareni, leo. Na palepale, mara baada ya mageuzo, tunatangaza kwamba tunamngojea mpaka atakapokuja. Kumbukumbu ya Kikristo ina macho mbele. Nyumbani kwetu hakuko nyuma yetu.

Basi wiki hii tazama kichekesho kimoja kizuri cha zamani, ukicheke kwa moyo wote bila hatia. Ukimaliza, mwombee mmoja wa waliokuchekesha. Halafu tafuta wema mmoja uliouona pale, uufanye nyumbani kwenu kabla ya Jumapili, iwe ni utani usioumiza au msamaha kabla jua halijazama.

Tuombe: Bwana wa nyakati zote, asante kwa kicheko na kwa waliotuchekesha. Warehemu marehemu hao. Utuponye na tamaa ya kuishi wakati usio wetu, utupe ujasiri wa kukutumikia katika huu uliotupa, mpaka utufikishe nyumbani. Amina.

Ni mimi frateri wenu. Tuombeane.